Kabla ya kuchagua lako au la mwenzako, tazama lilivyokuwa

Ijumaa moja jioni, wenzangu wakiwa wameshafunga mikoba, niliandika git merge, amri ya kuunganisha kazi yangu na ya mwenzangu katika Git, programu inayotunza matoleo ya faili, na terminali ikanijibu kwa neno ambalo sisi tunaoandika programu hatulipendi: CONFLICT, yaani mgongano. Faili lenyewe dogo tu, orodha ya miji tunayopeleka mizigo. Nikalifungua, nikakuta mistari miwili inagombania nafasi moja. Wangu una miji mitano, wa mwenzangu mitatu. Nikajiambia mrefu ndio salama, maana yote ya mfupi yamo ndani yake. Nikaubakiza, nikafuta alama za mgongano, nikaenda zangu nyumbani.

Jumatatu tukakuta wateja wa Arusha wameshalipia mizigo ambayo hatuna gari la kuipeleka.

Mwenzangu hakuwa ameisahau Arusha. Aliiondoa makusudi kwa sababu safari za huko zilisitishwa. Mimi nilichoongeza ni Mtwara tu. Jibu sahihi lilikuwa Dodoma, Mwanza, Tanga na Mtwara, mstari ambao haukuwa wangu wala wake. Ungeitazama ile mistari miwili hadi macho yaume, usingeujua.

Waliowahi kushuhudia ugomvi wa mpaka wa shamba wanalielewa hili haraka. Huyu anasema mpaka uko hapa, yule anasema uko pale. Mzee anayesuluhisha hachagui mwenye sauti kubwa; anauliza mkorosho wa marehemu babu ulikuwa wapi.

Git inajua mkorosho ulipo, na hapo ndipo inaponiudhi. Inapounganisha, hailinganishi matoleo mawili peke yake. Inatafuta kwanza toleo la pamoja, pale matawi, yaani njia mbili za kazi zinazoendelea sambamba, yalipoachana, kisha inaangalia kila upande umebadilisha nini tangu hapo. Palipoguswa na upande mmoja, inachukua mabadiliko bila kukusumbua. Pakiguswa na pande zote mbili kwa namna tofauti, inakuachia wewe. Lakini wakati wa kukuachia, inakufichia lile toleo la tatu ambalo yenyewe imetoka kulitumia!

Ni urithi wa zamani. Maelezo rasmi ya Git yanasema wazi kwamba mtindo wake wa kawaida wa kuonyesha mgongano ni ule wa programu ya merge iliyokuja na RCS, chombo cha kutunza matoleo ya faili alichokitengeneza Walter Tichy katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980. RCS ilikuwa ya watu waliokuwa wakifunga faili kwa kufuli kabla ya kulihariri, wengine wakisubiri zamu, kwa hiyo migongano haikuwa chakula chao cha kila siku. Sisi tunaunganisha mara kadhaa kabla ya chakula cha mchana.

Dawa ni amri moja, ya kuandikwa mara moja tu:

git config --global merge.conflictStyle diff3

Baada ya hapo, mgongano wangu wa Ijumaa ungeonekana hivi:

<<<<<<< HEAD
miji = Dodoma, Mwanza, Arusha, Tanga, Mtwara
||||||| 4f2c9ae
miji = Dodoma, Mwanza, Arusha, Tanga
=======
miji = Dodoma, Mwanza, Tanga
>>>>>>> ondoa-arusha

Wa juu, penye HEAD, ni wangu; wa chini ni wa mwenzangu; wa katikati, toleo la pamoja, ndio mkorosho. Mtwara imeongezwa huku, Arusha imeondolewa kule. Hata aliyeanza kazi jana angelimaliza hili bila kumpigia mtu simu.

Wapo wanaolalamika kwamba mtindo huu unarefusha faili, na kwenye mgongano wa mistari mia moja wana haki ya kulalamika. Kwa ajili yao, tangu toleo la 2.35 la mwaka 2022, Git ina zdiff3, ambayo inatoa nje ya mgongano mistari inayofanana mwanzoni na mwishoni mwa pande zote mbili. Mimi natumia hiyo. Na kama mgongano umeshakukuta kabla hujabadilisha mpangilio, git checkout --conflict=diff3 pamoja na jina la faili italiandika upya likiwa na asili yake. Angalia tu usiwe umeshaanza kulihariri, maana ulichofanya ndani ya faili hilo kitafutika.

Ninaowaogopa zaidi ni wale wanaokimbilia --ours au --theirs, chaguo za kubakiza upande mmoja tu, kila wakipata mgongano. Hilo ndilo kosa langu la Ijumaa, tofauti yao ni kwamba wamelifanya mazoea. Na wakiwa katikati ya rebase, yaani kuhamishia kazi yako juu ya tawi jingine, ndiyo balaa kabisa, kwa sababu huko majina yanageuka: “ours” ni tawi unalohamia, “theirs” ni kazi yako mwenyewe. Nimeshamwona mtu akifuta kazi yake ya siku mbili huku akiamini anailinda.

Yule mwenzangu wa Arusha hakunigombeza. Alikuja na kiti chake, akaketi pembeni yangu, akaandika ile amri kwenye kompyuta yangu, akaniuliza kama kuna chai iliyobaki.