Chuma kwa kadiri ya jamvi lako

Vuli ya 2019, nyumbani kwetu kusini mwa Pemba, tulikuwa na majamvi saba ya karafuu uwanjani. Asubuhi jua lilikuwa kali, na karafuu za siku ya pili zilishaanza kugeuka rangi. Baada ya sala ya adhuhuri wingu likapanda kutoka baharini. Bibi hakuwa akiona vizuri tena, lakini harufu ya mvua haikumpita. Akapiga ukelele mmoja: "Anueni!" Tulikuwa watu watano. Tukayawahi majamvi manne. Matatu yalinyeshewa mpaka karafuu zikaelea.

Majirani walikuja kutupa pole, na nashukuru kwa utu wao. Mvua ni ya Mungu, sikatai. Lakini majamvi yale matatu tuliyaponza sisi wenyewe, kwa sababu tulichuma zaidi ya tulivyoweza kuanua. Kila msimu naona nyumba nyingi zikifanya vivyo hivyo.

Karafuu ikishachambuliwa na kutengwa na makonyo yake, yaani vijiti vya vishada, hutaka jua la siku tatu mpaka tano. Kilo tatu mbichi hurudi kama kilo moja kavu, hivyo kila kilo unayoipoteza uwanjani imebeba kazi kubwa ya juu mtini. Na maji peke yake siyo yanayoiua. Karafuu iliyolowa ukiitandaza tena upesi inaweza kupona. Inakufa usiku ule, pale tunapoizoa kwa haraka, tukairundika chumbani na kufunga mlango. Rundo linapata joto, linaanza kuchacha. Asubuhi ukitia mkono ndani unahisi uvuguvugu, na hapo tena hakuna dawa: ikikauka inatoka mpeta, nyeupenyeupe, imesinyaa, mafuta yameondoka. Kwa miaka mingi ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, ilinunua karafuu ya daraja la kwanza kwa shilingi 14,000 kwa kilo. Mpeta haifiki hapo hata ukiipepeta mara kumi.

Najua jibu litakalokuja. Karafuu haingoji. Ikikawia mtini inafunguka ua na kupoteza kichwa. Wezi wapo. Aliyekodi mikarafuu ana siku zake, na wachumaji wanaolipwa kwa pishi, kipimo cha karafuu walizochuma, wanataka wapande mti mmoja waumalize ndipo wahamie mwingine. Yote kweli. Lakini mkarafuu hauivi wote kwa siku moja. Kuna vishada vilivyokwisha kuwa na wekundu na kuna vilivyo kijani bado, na anayechuma vyote pamoja amepata pishi nyingi za karafuu changa. Kurudi kwenye mti huo huo mara mbili au tatu kunachosha, ila matawi yanavunjika kidogo na uwanja unapumua.

Kuna upepo ambao hauna kinga. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu, na Pemba iliyosalimika ndiyo iliyobeba zao hili tangu wakati huo. Kwa kimbunga namna ile hakuna la kumwambia mkulima. Vuli sivyo. Vuli inakuja Oktoba mpaka Disemba, katikati ya mavuno, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wake kabla haijaanza. Mwaka 2023 tulitangaziwa mapema kwamba mvua zingezidi wastani, na zikazidi. Mwenye redio alisikia.

Sisi sasa tunaanika juu ya chanja. Nguzo ni za mipopoo, kimo chake kiunoni, majamvi juu, na paa la nailoni nyeupe linalokunjwa kwenye ufito mrefu ili mtu mmoja aweze kulivuta. Pembeni tumeacha wazi. Usilaze nailoni juu ya karafuu zenyewe: zinatoa jasho, na jasho hilo linafanya kazi ile ile ya mvua. Turubai chini uwanjani nalo silipendi, maji yanapita chini yake na mvuke unabaki juu. Mvua ikishika siku mbili, tunatandaza ndani sakafuni, nyembamba, madirisha wazi, na kuzigeuza kila mara hata usiku. Barabarani hatuaniki. Tumeshaambiwa mara nyingi, na ni haki: gari moja likipita umebaki na unga na mchanga.

Lakini linaloniuma zaidi ni mikono inayoanua. Mchumaji analipwa kwa pishi. Anayekaa na majamvi kutwa, akitazama mbingu, akifukuza kuku, akikimbia na mzigo wingu likipanda, halipwi kitu. Mara nyingi ni mama, au mtoto aliyezuiwa asiende skuli. Siku ile ya 2019 wawili kati yetu watano walikuwa watoto wa darasa la nne, siku ya masomo. Msimu uliofuata tulimlipa binti wa jirani kwa siku, kazi yake chanja tu, na ndugu zangu wadogo wakaenda skuli. Fedha hiyo haikuwa ndogo. Hatukupata gunia hata moja la mpeta mwaka ule.

Serikali inagawa miche ya mikarafuu bure, na ni jambo jema sana. Naomba mkono huo huo ufike kwenye kuanika: banda moja la paa linalopitisha mwanga kwa kila shehia, mwenye nyumba ndogo apate pa kukimbilia. Mche unangoja miaka kadhaa ndipo uzae. Karafuu iliyo jamvini leo inangoja saa moja.

Mwaka jana tulichuma siku mbili, tukapumzika ya tatu. Mti mmoja nyuma ya kisima ulitushinda, ukafunguka maua yote, meupe, nyuki wamejaa. Tuliuacha. Mama alisema pishi zile angepata wapi pa kuzitandaza, na akaenda kuvuta nailoni, maana wingu lilikuwa limeshapanda.