Chakula cha sato: ununue cha kiwandani au usage mwenyewe?

Kila nikikaa na wafugaji wenzangu huku Kanda ya Ziwa lazima tufike kwenye chakula, mmoja anasema cha dukani kinatumaliza bora tusage wenyewe, mwingine anasema cha kusaga nyumbani ndo kinachodumaza samaki alafu watu wanasingizia mbegu, yaani vifaranga walionunua. Mi nimepita pande zote mbili, na hili sio suala dogo, chakula peke yake kinabeba zaidi ya nusu ya gharama zote za ufugaji.

Wanaosaga wenyewe wana hoja nzito jamani. Dagaa ziko hapa hapa ziwani, mashudu ya alizeti na ya pamba yapo, pumba zipo, wakati chakula kizuri kinachoelea kingi kinatoka nje, dola ikipanda na mfuko unapanda. Alafu sato sio kambale wa kutaka protini nyingi muda wote. Kifaranga ndo anataka protini nyingi, asilimia 35 hadi 40 au zaidi, ila akishakua kidogo, gramu 50 na kuendelea, asilimia 28 mpaka 30 zinamtosha. Na kama yuko kwenye bwawa la udongo ulilolirutubisha kwa samadi mpaka maji yakawa ya kijani, anachuja chakula cha asili humo humo bure. Zamisha mkono, maji yakifika kwenye kiwiko na kiganja ndo kinaanza kupotea machoni, basi bwawa limeiva.

Sasa shida iko kwenye kusaga kwenyewe. Chukua dagaa tu. Nyingi zinaanikwa chini mchangani, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa taa hawapati kitu cha maana kwa hiyo bei inaruka na mzigo unachakachuliwa. Mwaka jana nilinunua gunia la dagaa za kusaga, nikachota kikombe nikamwaga kwenye glasi ya maji, nikakoroga nikaacha itulie. Baada ya dakika chache chini kulikuwa na mchanga unene wa kidole! Yaani napiga hesabu ya protini kwa kilo 20 kumbe sehemu yake ni mchanga, na samaki hanenepi kwa mchanga. Ongeza soya ambayo mtu hajaikaanga, ile mbichi inazuia samaki kumeng'enya protini, ongeza mahindi yaliyovunda yenye sumukuvu, alafu vyote unapitisha kwenye mashine ya kusagia nyama, ukivitupa majini vinazama na kumomonyoka kabla samaki hajafika. Kinachobaki kinaoza chini na kula oksijeni ya maji, sumu ya amonia inapanda, asubuhi unakuta samaki wako juu wanahema.

Ndo maana naona swali la kilo ya chakula shilingi ngapi linatupotosha. Uliza kilo ngapi za chakula zinatoa kilo moja ya samaki. Tuseme cha kiwandani ni 3,000 kwa kilo na kinahitajika kilo moja na nusu, hiyo ni 4,500. Cha kwako kinakugharimu 1,500 ila kinaenda kilo 3, ni 4,500 ile ile, na huenda samaki wako amechelewa miezi miwili mitatu kufika sokoni, huku mlinzi unamlipa.

Ila wa kiwandani nao wasijione wameshinda. Mfuko unaweza kuandikwa asilimia 35 na ukawa umekaa miezi chini ya bati la moto mpaka mafuta yamechacha na vitamini zimekufa. Duka moja niliuziwa cha kupimiwa kutoka kwenye gunia lililo wazi, samaki wakakitia mdomoni wakakitema, na hela ilishaenda. Na ukitegemea kununua tu unaweza kukwama katikati. Kenya mwaka 2009 serikali ilichimba mabwawa kwa mpango mkubwa, 200 kila jimbo kwenye majimbo 140 ya uchaguzi, na baadaye mengi yakaachwa, bei ya chakula ikiwa moja ya sababu zilizotajwa sana. Bwawa lilikuwepo, samaki walikuwepo, cha kuwapa hakuna.

Kwa hiyo mi naangalia samaki anaishi wapi. Mwenye vizimba ziwani anunue kinachoelea, sioni njia nyingine, kule harutubishi maji na kinachozama kinapita kwenye wavu kinaenda zake. Mwenye bwawa la udongo anunue cha vifaranga kwa miezi miwili ya kwanza, hapo usibane hela kabisa, alafu akuzie na cha kusaga kilichopimwa vizuri juu ya maji ya kijani.

Kinachoniuma mimi ni dagaa. Hiyo ndo mboga ya mtu mwenye kipato kidogo huku kwetu, mama anapima kopo moja na familia inakula, na sisi tunashindana naye bei ili tukuze sato wa kuuzia mahoteli. Sasa nafuga funza wa nzi askari mweusi kwa mabaki ya matunda ya sokoni, niwasage badala ya dagaa, nimeshapunguza nusu ya dagaa kwenye mchanganyiko wa bwawa moja na la pili nimeliacha kama zamani. Kila wiki mbili nawavua 30 kila bwawa na kuwapima uzito, na hadi sasa gramu za pande zote mbili zinakaribiana sana.