Sema Tu, Lakini…

Mimi siku hizi mtu akiniambia anaunga mkono uhuru wa kusema, namtazama mdomo tu. Naingoja "lakini". Haikawii. Ikichelewa, ujue mwenyewe anameza mate.

Shemeji yangu ndiye fundi wao. Juzi kakaa, kapandisha mguu juu ya mguu: "Shemeji, mimi kila mtu aseme anachotaka. Lakini asikashifu. Lakini awe na adabu. Lakini aangalie wakati." Nilihesabu lakini saba hajavuta pumzi. Nikafungua mdomo nichangie, akaninyooshea kiganja: "Hebu nyamaza kwanza nikueleze uhuru wa maoni ni nini."

Nikanyamaza. Ningefanyaje, na kiti nilichokalia ni chake?

Akaja na ule mfano wao, kwamba huwezi kupiga kelele "moto!" ukumbini na moto hakuna. Wote wanao mfukoni. Nikaenda kuuchimbua. Kumbe umetoka Marekani mwaka 1919, kwa Jaji Oliver Wendell Holmes. Nikadhani kuna mtu aliwatia watu kiwewe wakakanyagana mlangoni. Wapi! Mshtakiwa, Charles Schenck, alikuwa msoshalisti aliyesambaza vipeperushi vya kupinga vijana kulazimishwa kwenda vitani. Ukumbi haukuwepo, moto haukuwepo, hata kelele hazikuwepo. Karatasi tu, na jela akaenda. Yaani mfano wanaonipa kuthibitisha kwamba wanapenda maoni unatoka kwenye kesi ya mtu aliyefungwa kwa maoni!

Na ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 1644 Mwingereza John Milton aliandika kijitabu kikali akitaka watu wachapishe bila kuomba kibali kwanza. Nikawa napiga makofi peke yangu. Nikafika anaposema Wakatoliki wao hawamo. Nikashusha mikono.

Msinielewe vibaya. Mtu akitishia kuniua, polisi nitafika kabla hajamaliza sentensi. Hata mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1966, ibara ya 19, unakupa uhuru wa kusema kisha unaweka mipaka. Sawa, ila mipaka ile inatakiwa iwemo kwenye sheria, uisome kabla hujafungua domo lako. Zile "lakini" za shemeji huzaliwa ukishasema. Tena huja zimeshonwa kwa kipimo cha ulichosema wewe, mabega na kiuno, hazimtoshi mwingine.

Sasa kundi letu la familia kwenye simu, msimamizi ni yeye. Pale juu kaandika: "Toeni maoni bila woga." Nikauliza, kwa adabu, bila kukashifu, tena saa mbili usiku watu wameshakula, michango ya mwezi uliopita iko wapi. Dakika haikuisha, tangazo likatokea: wasimamizi pekee ndio wanaoweza kutuma ujumbe. Na msimamizi ni mmoja. Akateremsha aya ndefu ya kutushukuru kwa mjadala mzuri.

Kuandika siwezi. Nikabonyeza kile kidole gumba chini ya aya yake, nikaweka simu pembeni nilale.

Ikaita.

"Shemeji, samahani kwa usumbufu. Lile dole ulikuwa na maana gani?"