Leseni Mbili, Mikono Ileile

Kuna swali ambalo wauguzi wanaosoma Marekani hawachoki kuulizana: kwa nini mtu asisome mara moja tu, akatoka akiwa muuguzi tabibu na pia muuguzi wa usingizi? Najua methali ya mshika mbili imeshawafika wengi mdomoni. Mimi pia siafiki, ila sababu yangu si tamaa.

Muuguzi tabibu ni yule aliyejiendeleza mpaka akaruhusiwa kumpima mgonjwa, kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Fani hiyo ilianzia Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1965, kwa juhudi za muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver. Wauguzi wa usingizi, wanaomlaza mgonjwa kwa dawa ili asisikie upasuaji, ni wakongwe zaidi. Walikuwa wakiwalaza wagonjwa wa upasuaji tangu karne ya 19, na chama chao kikaundwa mwaka 1931 kwa uongozi wa Agatha Hodgins.

Wanaotaka ziunganishwe wana hoja, tena nzuri. Darasani njia hizi mbili zinafanana sana: famakolojia, fiziolojia ya magonjwa na upimaji wa mwili husomwa kote kuwili. Mambo hubadilika kwenye vitendo. Vigezo vya kitaifa vya 2022 vinamtaka muuguzi tabibu walau saa 750 za kuhudumia wagonjwa. Wa usingizi anatakiwa afikishe saa 2,000 na wagonjwa 600 aliowalaza kwa dawa, baada ya walau mwaka mzima wa kazi ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), na tangu 2022 kila anayeingia husomea uzamivu, si chini ya miezi 36. Saa ya thieta, yaani chumba cha upasuaji, haigeuki kuwa saa ya kliniki. Kwa hiyo anayeota kuokoa muda ataokoa kozi chache tu. Usiku wa kukesha uko palepale.

Lakini hesabu hiyo hainisumbui sana. Kinachonisumbua ni jinsi kazi hizi zinavyomfundisha mtu kusubiri. Chukua shinikizo la damu. Thieta, umemchoma mgonjwa propofoli, dawa ya usingizi, shinikizo likaporomoka. Unampa fenilefrini kidogo, dawa ya kulipandisha, na kabla hujaiweka sindano chini namba zimeanza kupanda kwenye skrini. Kliniki, mgonjwa amekuja na 160 kwa 95. Unampima tena, unamuuliza habari za chumvi, unagundua kwamba vidonge aliacha kumeza kwa sababu vinamkohoza na aliona haya kusema. Unambadilishia dawa, unamwambia arudi baada ya wiki nne. Huenda asirudi. Hapo ujuzi ni kukaa na jambo lisilotoa jibu leo, na haujengeki kwa kupita kliniki siku za mapumziko ya thieta.

Halafu kuna pesa, ambayo watu huitaja kwa sauti ya chini. Kwa takwimu za serikali ya Marekani za 2023, mshahara wa kati wa muuguzi wa usingizi ulizidi dola 200,000 kwa mwaka. Wa muuguzi tabibu ulikuwa kama 126,000. Mwenye vyeti vyote viwili na mkopo wa masomo shingoni ataelekea wapi? Leseni ya pili itabaki kuhuishwa tu, na ujuzi wake utapata kutu.

Nalegeza msimamo sehemu moja: maumivu sugu. Mgonjwa wa mgongo anahitaji mtu ajuaye kuzuia neva kwa sindano, na mtu huyohuyo ajue kumfuatilia kwa miezi, amwondoe taratibu kwenye dawa za maumivu za jamii ya afyuni na atambue sonona iliyojificha nyuma ya maumivu. Hapo fani mbili zinakutana kwenye mwili mmoja. Hata hivyo, ningependa mtu asome moja, aifanye kazi miaka kadhaa, ndipo aiongeze ya pili akijua anakwenda kuitumia wapi. Na anayetaka usingizi asipitie uuguzi tabibu akidhani ni ngazi: miaka ya kliniki haitampunguzia ule mwaka wa ICU.

Kwa hiyo mtu akiniambia anazitaka zote, namuuliza: Jumatano asubuhi utakuwa wapi? Akinijibu yuko kliniki ya maumivu, tunaendelea kuzungumza. Akisema itategemea, namwambia akaombe kazi ICU kwanza.