Mwenyekiti Amevimba

Mtetea wangu anaitwa Mwenyekiti, kwa sababu pumba zikimwagwa tu yeye ndiye anayefungua kikao. Jina halikuwahi kuleta shida mpaka gole lake, ule mfuko wa kuhifadhi chakula chini ya shingo, lilipoziba.

Gole la kuku mzima hujaa jioni, na kufikia alfajiri liko tupu. Ndiyo maana hukaguliwa asubuhi kabla hajala: unapapasa chini ya shingo, kifuani upande wa kulia. La Mwenyekiti lilikuwa gumu kama chungwa bichi. Ugonjwa wa mdondo nikauondoa mawazoni: hakuharisha kijani, shingo haikupinda, wenzake walikuwa wazima, na chanjo ya tone la jicho ile ya kila miezi 3 alikuwa ameipata.

Nikampigia bwana mifugo. Simu yangu haisikiki bila spika, na nyumba zetu za kupanga ukuta haufiki juu. Upande wa pili anakaa Mama Chausiku, msusi, mwenye masikio yanayofanya kazi hata siku za sikukuu.

"Mwenyekiti amevimba," nikasema. "Hali, na choo ni cha shida."

"Ananuka mdomo?"

"Hapana."

"Ukimbinya?"

"Mgumu."

"Basi ameziba. Angekuwa laini, anachezacheza maji na kunuka uchachu, ningesema ni fangasi. Leo asile, apewe maji tu. Chukua mafuta ya kupikia mililita 3, uyavute kwa bomba la sindano, sindano yenyewe uitoe. Mfunge khanga asifurukute, umpitishie pembeni mwa mdomo, tone kwa tone, ukimsubiri ameze. Ukimimina katikati yataingia kwenye tundu la pumzi nyuma ya ulimi, na hapo tutazika."

"Halafu?"

"Mkande kwa vidole, polepole, dakika 5, mara 4 kutwa. Ila usithubutu kumning'iniza kichwa chini! Kinachotoka kitamwingia mapafuni. Asipolainika, kesho nakuja kumpasua hapohapo nyumbani."

Upande wa pili, kitu cha bati kilianguka.

Bahati mbaya mwenyekiti wetu wa mtaa, yule wa binadamu, alikuwa amesafiri msibani na simu yake imezimwa. Kufikia magharibi mtaa ulikwisha kujua kwamba amefichwa chumbani kwangu, amefungwa khanga, ananyweshwa mafuta.

Mafuta hayakufua dafu. Hulainisha nyasi na pumba. Kitu chenye nyuzi ndefu hujisokota na kuziba njia ya kwenda kwenye firigisi. Asubuhi bwana mifugo akaja na mkoba wake. Akanyonyoa manyoya kifuani, akasafisha kwa dawa, akachoma ganzi kidogo sana, tena iliyozimuliwa, maana ndege hawahimili ganzi nyingi. Akachana ngozi kama sentimita 3, kisha gole kwa mchano mfupi zaidi, mbali na mishipa mikubwa ya damu.

Wakati huo baraza limejaa watu wa kumjulia hali mgonjwa, na machungwa, na chupa ya uji. Mama Chausiku, mbele kabisa, anafuta machozi.

Koleo likazama, likavuta. Ikatoka rasta. Nyeusi kwanza, halafu ya zambarau, bado inakuja. Yaani yale mabaki yanayofagiwa barazani kwa msusi na kuachwa uani, ambayo kuku huyaona minyoo. Machozi ya Mama Chausiku yakakauka ghafla.

Gole likasuuzwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, likashonwa peke yake kwa uzi unaoyeyuka, kisha ngozi ikashonwa peke yake. Ukizishona pamoja zinagandana, na gole halisukumi tena chakula.

Ndipo mwenyekiti wa mtaa akatokea, begi mkononi, akauliza ni nani amefariki.

Alipoeleweshwa alinyamaza kidogo, akachukua machungwa yake. Uji ulikuwa na maziwa na sukari, na sukari hunenepesha fangasi. Mgonjwa alipangiwa maji tu siku hiyo, kesho yake yai la kuchemsha lililopondwa na pumba zilizolowekwa, kidogo kidogo. Kwa hiyo uji nao akaunywa yeye, amesimama. Kisha akaamuru jina libadilishwe kabla ya kura.

Sasa anaitwa Mtendaji, na bwana mifugo namwandikia ujumbe.