Pipa la taka halirudishi maandishi yaliyofutwa ndani ya noti

Mtu akipoteza maandishi kwenye simu, ushauri wa kwanza anaopewa ni huu: "Angalia kwenye pipa." Ushauri huo unampotezea dakika anazozihitaji mno. Pipa hupokea noti nzima iliyofutwa; programu ya noti ya Google Keep huiweka siku 7, Notes ya iPhone hadi siku 30. Lakini hasara inayouma zaidi hutokea ndani ya noti. Katibu wa chama yuko kwenye matatu Jogoo Road, anataka kunakili orodha ya michango aitume WhatsApp. Anagusa "Chagua zote", gari linaruka tuta, kidole kinaangukia herufi moja. Orodha yote inageuka kuwa "k". Noti bado ipo, kwa hiyo pipani hamna kitu, na programu imeshaihifadhi hiyo "k" bila kumuuliza.

Hapo usitoke kwenye noti, wala usifunge programu. Katika Keep, mshale wa kutendua uko chini ya skrini. Ugonge mpaka maandishi yarudi. Kwenye iPhone, telezesha vidole vitatu kuelekea kushoto. Ukishafunga noti, usitegemee tena mshale huo. Kama ulikata badala ya kufuta, bandika mara moja kwenye noti mpya kabla hujanakili kitu kingine.

Umeshatoka? Tafuta kifaa cha pili. Wengi wetu Nairobi tuna simu ya zamani au laptopu inayokaa bila bando. Ikiwa inatumia akaunti ileile na haijapata mtandao tangu ajali itokee, huenda bado ina nakala nzima. Iweke katika hali ya ndegeni kwanza, ndipo ufungue programu. Ukikosea mpangilio huo, sekunde chache za mtandao zinatosha "k" kufika huko pia. Nakili maandishi, yabandike nje ya programu hiyo, kisha urudishe mtandao.

Likishindikana hilo, imebaki historia ya matoleo, yaani nakala za noti jinsi ilivyokuwa kabla ya kubadilishwa, na kwa maoni yangu hiki ndicho kigezo cha kwanza cha kuchagua programu ya noti, mbele ya rangi na urembo wote. Keep inayo kwenye tovuti yake: fungua noti kwa kompyuta, bonyeza vitone vitatu, chagua historia ya matoleo, upakue faili la maandishi. Obsidian, programu nyingine ya noti, isipobadilishwa mipangilio, huchukua nakala kila dakika 5 na kuziweka siku 7. Ukifanyia saiba, futa faili ulilopakua na utoke kwenye akaunti kabla ya kuinuka.

Programu za "kurejesha data" ziache. Android huipa kila programu eneo lake la faragha ambalo programu nyingine hairuhusiwi kulisoma, hivyo hizo huishia kukuonyesha picha na video za zamani huku zikikudai malipo.

Na hesabu za chama zisikae kwenye noti hata kidogo. Ziwe Google Sheets, ambako mweka hazina akibofya kisanduku kwa kitufe cha kulia cha kipanya anaweza kuona nani alibadilisha kiasi kile, lini, na kilikuwa shilingi ngapi kabla.