Imeandikwa Wapi?

Kuna swali ambalo kila mchungaji, padri na mwalimu wa katekisimu ameshaulizwa, na kila kizazi huja nalo kwa jambo jipya. Biblia inasemaje kuhusu mtoto aliyetungwa maabara? Inasemaje kuhusu akili mnemba? Kuhusu kumwondoa mgonjwa kwenye mashine ya kupumulia? Muulizaji anataka sura na aya. Naye anayeulizwa, akichelea kuonekana hayajui Maandiko, hutafuta aya iliyo jirani na jambo lenyewe, akaivuta mpaka ifike.

Sisemi swali ni baya. Ila kwa maoni yangu linaulizwa mapema mno. Kabla ya kujua imeandikwa wapi, kuna haja ya kujua maadili ya Kikristo yamesimama juu ya nini, maana asiyejua hilo anaweza kuwa na aya mia mkononi na bado akamdhulumu mwenzake. Imeshatokea, tena si mara moja, nitafika huko.

Tazama Amri Kumi zinavyoanza. Wengi tulizikariri utotoni kuanzia kwenye katazo la miungu mingine. Lakini kabla ya katazo lolote kuna sentensi ambayo haikatazi kitu: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Waisraeli hawakupewa sheria wakiwa bado wanafyatua matofali ya Farao, wakaambiwa kwamba wakiishika vizuri watafunguliwa. Walifunguliwa kwanza. Sheria ikaja baadaye, kama namna ya kuishi kwa watu ambao tayari wako huru na hawapaswi kuijenga Misri nyingine. Ndiyo maana Kutoka 23:9 inapokataza kumwonea mgeni haitishi mtu kwa moto. Inawaambia kwamba wanaijua roho ya mgeni, kwa kuwa nao walikuwa wageni kule.

Nguzo ya pili iko mapema zaidi, Mwanzo 1:27: mwanadamu kaumbwa kwa mfano wa Mungu. Hapo hapatajwi akili, afya, kabila wala mchango wa mtu katika uchumi. Thamani hiyo haikupatikana kwa kazi, kwa hiyo haipotei mtu akishindwa kazi. Yakobo katika waraka wake anaishusha mpaka kwenye ulimi: anashangaa kwamba kinywa kilekile kinamhimidi Mungu na kuwalaani watu waliofanywa kwa mfano wake. (Wanaoweka aya kwenye wasifu wao wa mitandaoni kisha wanashinda wakitukana watu kwenye maoni, waraka huo ni mfupi, unasomeka kwa kikao kimoja.)

Yesu alipoulizwa amri iliyo kuu hakuleta jipya. Alichukua Kumbukumbu la Torati 6:5 na Walawi 19:18, kumpenda Mungu na kumpenda jirani, akasema torati yote na manabii vinategemea hizo mbili. Basi, watasema wengine, shauri limekwisha: upendo unatosha, sheria za kale tuziache makumbushoni. Wazo hili lina mvuto mkubwa siku hizi na mimi silikubali. Upendo usio na umbo ni rahisi kuugeuza kuwa chochote tulichokuwa tunakitaka tangu mwanzo. Mzazi anayempangia binti yake mume naye husema anafanya kwa upendo.

Kinachonivutia katika sheria za kale ni jinsi zinavyoingia kwenye vitu vidogo. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inazungumzia rehani. Usitwae jiwe la kusagia la mtu kuwa rehani, kwa sababu hapo umetwaa uhai wake. Maskini akiweka nguo yake rehani, irudishe jua likitua, apate kulala nayo. Na katikati ya hayo kuna agizo ambalo wahubiri wengi huliruka: unapomkopesha jirani yako, usiingie nyumbani mwake kuitafuta rehani. Simama nje. Yeye ndiye aingie, achague, akuletee.

Lisome tena polepole. Mdaiwa anadaiwa kweli. Sheria haifuti deni wala haikatai rehani. Inachokataa ni mkopeshaji kuvuka kizingiti, kupekua vyungu na vitanda vya mtu mbele ya mke na watoto wake. Deni halimpi mtu haki juu ya heshima ya mwenzake.

Sasa ziangalie programu za mikopo ya simu. Mtu anayehitaji fedha usiku, mtoto anaumwa, anapakua programu, na kabla haijampa chochote inaomba ruhusa ya kuona orodha ya namba zake zote, pengine na picha. Anabonyeza kukubali kwa sababu hana mahali pengine pa kwenda. Akichelewa kulipa, ujumbe unaanza kumfikia bosi wake, mkwe wake, watu wa jumuiya yake ya maombi: fulani ni mdaiwa sugu, mwambieni alipe. Hakuna aya inayotaja simu. Lakini nikiuliza sheria ya rehani ilikuwa inamlinda nani na dhidi ya nini, jibu silitafuti mbali. Mkopeshaji ameingia ndani, tena kwa vyumba vyote kwa mpigo. Na ile ruhusa aliyobonyeza haibadilishi kitu, kwa kuwa mwenye shida wa zamani naye angemfungulia mkopeshaji mlango kama angelazimishwa, na sheria ikakataa hata hivyo.

Hivi ndivyo Kanisa limekuwa likifikiri linapokuwa na afya. Chukua riba. Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, katika kanuni yake ya 17, uliwakataza makleri, yaani viongozi wa Kanisa, kutoza riba, na kwa karne nyingi baadaye katazo likawakalia hata walei, waumini wa kawaida. Katika karne ya 16 Yohane Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti, alisema riba si dhambi yenyewe kwa yenyewe, maana mkopo wa mfanyabiashara anayetafuta faida si sawa na mkopo wa mtu mwenye njaa. Lakini akashikilia kwamba maskini asitozwe. Hukumu kuhusu riba ilibadilika. Jicho kwa maskini lilibaki palepale. Ukitafuta aya tu, utamwona Calvin kama msaliti wa Maandiko. Ukitafuta msingi, utaona anabishana na wenzake wa Nikea akiwa ndani ya nyumba moja nao.

Nimeahidi kurudi kwenye aya zinazodhulumu. Wakristo wa majimbo ya kusini ya Marekani walitetea utumwa kwa Biblia mkononi, na hawakukosa aya: Paulo anawaambia watumwa watii. Kanisa la Kibaptisti lilipasuka kwa jambo hilo, na mwaka 1845 wa kusini wakaunda umoja wao wenyewe. Ilichukua mpaka 1995 umoja huo kuomba radhi rasmi. Ukisema hayo watu hujibu kwamba zama zile hakuna aliyejua vizuri zaidi. Si kweli. Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya 4, akihubiri juu ya Mhubiri anayejisifu kununua watumwa na wajakazi, aliuliza ni bei gani inayotosha kumlipia mtu aliye mfano wa Mungu. Alikuwa na Biblia hiyohiyo. Tofauti ni kwamba aliisoma aya akiwa amesimama kwenye msingi, wale wengine wakaitumia aya kuuzika.

Kwa hiyo anayedhani kusoma kwa msingi ni njia ya kulegeza mambo, historia haimuungi mkono. Mara nyingi hukaza. Wakristo wa mwanzo waliishi katika dola ambamo mtoto asiyetakiwa alitupwa nje afe au aokotwe akawe mtumwa, na sheria haikuona tatizo. Didakhe, maandishi yanayowekwa karibu na mwisho wa karne ya 1, yanakataza kutoa mimba na kumwua mtoto aliyezaliwa. Hakuna amri ya Yesu yenye maneno hayo. Walifika huko kwa kuuliza kichanga ni nani.

Swali linaloniumiza zaidi ni lile la mashine ya kupumulia, kwa kuwa huulizwa korido ya hospitali, na anayeuliza hajalala. Ndugu wamesimama mlangoni pa chumba cha wagonjwa mahututi. Daktari amewaambia kwa upole kwamba mzee hatarudi. Mmoja anasema kuzima ni kuua, mwingine anasema mzee anateswa, na wa tatu, yule aliyelipa sehemu kubwa ya gharama, kanyamaza kwa kuogopa kuambiwa anabania fedha. Hapo anapigiwa simu mchungaji, naye anasema, "Imeandikwa, usiue." Kisha simu inakatwa.

Amri ni ya kweli, ila haijajibu walichouliza. Tarehe 24 Novemba 1957, Papa Pius wa 12 alijibu maswali ya madaktari wa dawa za usingizi juu ya mashine hizihizi. Alisema mtu ana wajibu wa kutumia njia za kawaida za kuhifadhi uhai, kwa kadiri ya hali yake, na halazimiki kutumia zile zinazomtwika yeye au wengine mzigo usio wa kawaida; na kwamba kujua saa ya kifo ni kazi ya tabibu, si ya Kanisa. Hata hilo halikuwa jipya. Katika karne ya 16 Francisco de Vitoria, mtawa wa shirika la Wadominika, alikwishafundisha kwamba mgonjwa hana wajibu wa kutafuta vyakula vya ghali kupita kiasi ili kurefusha maisha. Kumwua mtu ni jambo moja. Kuacha kuzuia kifo ambacho kimeshafika ni jambo jingine. Tofauti hiyo haikutolewa kwenye aya yoyote, bali imetokana na imani mbili zilizoshikwa pamoja: uhai ni zawadi ambayo si yetu kuitupa, na uhai huu sio mungu. Kama familia ile ingeelezwa hivyo, yule mwenye kulipa pengine angeweza kufungua kinywa.

Akili mnemba nitaipitia haraka, maana mengi yanayosemwa kuihusu ni ubashiri. Kuna wanaouliza kama mashine itakuwa na roho. Mimi nauliza juu ya mtu aliyenyimwa kazi au matibabu na programu ambayo hakuna awezaye kumweleza iliamuaje. Manabii waliwakemea wakubwa kwa kupotosha hukumu langoni pa mji. Langoni angalau mtu aliona uso wa anayemhukumu.

Yapo pia ambayo msingi haujanipa jibu. Viinitete, yaani mimba changa zilizotungwa maabara, vilivyobaki vimegandishwa baada ya wazazi kupata mtoto waliyemtaka, nimesoma wanateolojia waaminifu wakifika pande tofauti, na sioni haya kusema bado sijatulia.

Ninachokiona wazi ni mpangilio wa kelele zetu. Yesu aliwaambia mafarisayo kwamba wanalipa zaka za mnanaa na bizari na jira huku wakiacha adili, rehema na imani, akaongeza kwamba hayo ya kwanza nayo yasiachwe. Urefu wa sketi umehubiriwa. Hereni zimehubiriwa. Mahubiri juu ya kizingiti cha mdaiwa sijayasikia hata mara moja, na mwenye kampuni ya mikopo huenda amekaa safu ya mbele, ndiye aliyechangia vipaza sauti. Akija ofisini baada ya ibada akauliza, "Mchungaji, biashara yangu ina ubaya gani, imeandikwa wapi?" ningependa sana kusikia anajibiwa nini.